Mkono Ulioshika Nguruwe

Bibi yangu hali kwa kijiko. Kijiko, anasema, ni cha mgonjwa, na yeye si mgonjwa. Ni mkono tu uliotangulia kufa. Ulitangulia asubuhi moja ya masika, mkono wa kulia, ukachukua na upande mmoja wa mdomo, na tangu siku hiyo umelala mapajani mwake kama mtoto wa jirani aliyeachiwa amwangalie. Mkono wa kushoto ni mzima. Huchambua mchele nao, huvuta tasbihi nao, na akikasirika hunifinya nao. Lakini kula nao hataki. Mkono huo una kazi yake chooni, na mwanamke aliyewafundisha watoto wa mtaa wetu hapa Bagamoyo, na baadaye watoto wa watoto hao, namna ya kutawadha na namna ya kukaa mbele ya sinia, hawezi kuumaliza umri wake kwa kuutia mkono wa kushoto kinywani. Kwa hiyo namlisha mimi, kwa mkono wangu.

Wali wa jioni ndio mlo wake wa kweli. Asubuhi hunywa chai, mchana jirani humletea uji kwenye kikombe. Lakini wali hunisubiri mimi. Nafinyanga tonge dogo, nalichovya kwenye mchuzi, natoa miba ya samaki kwa kidole gumba, nalipeleka. Yeye hufumba macho. Midomo yake hukibana kidole changu kwa kitambo kidogo sana, laini, bila meno, kisha hukiachia.

Mkono huo ndio huohuo ninaofanyia kazi ya serikali. Mimi ni daktari wa mifugo, na kazi yangu ni kufuata vifo. Ng'ombe wakianguka Lugoba bila sababu, napigiwa simu. Mbuzi wakitupa mimba Mkange, zizi zima kwa juma moja, nachukua pikipiki ya ofisi na kasha la barafu, naenda kuokota vilivyotupwa. Watu hudhani daktari wa mifugo anatibu. Mimi mara nyingi hufika wakati kilichobaki ni harufu.

Nimeuingiza mkono huu hadi begani ndani ya ng'ombe aliye hai ili nimtoe ndama aliyekufa siku nyingi humo tumboni; alitoka vipandevipande, na manyoya yake yakaganda kwenye ngozi yangu kama nyuzi za embe dodo. Nimempasua kondoo nikakuta minyoo imejisokota kama tambi za futari. Nimetapika nyuma ya mazizi ya watu, nikapangusa mdomo, nikarudi nikamaliza kazi huku mwenye mali akinitazama kwa huruma. Wanaosema kwamba mambo haya huzoeleka ama hawajayafanya, ama wana mafua ya kudumu.

Bibi yeye hunusa tu. "Leo mbuzi," husema nikiingia. Au: "Leo ng'ombe, tena kaoza. Hebu pita huko uwani kaoge." Naoga kwa sabuni ya kipande, narudi, namlisha. Hatukuwahi kubishana. Damu ni damu, mavi ni mavi, na maji yapo.

Kisha wakaja nguruwe.

Simu ilitoka kwa mkuu wangu wa kazi. Nguruwe walikuwa wanakufa katika banda moja huko ndani, mbele ya Vigwaza, ukiiacha lami ya Morogoro na kufuata njia ya mchanga. Mwenzangu ambaye kwa kawaida hushughulikia nguruwe, na kuwala pia, na kunitania kuhusu kuwala, alikuwa likizo kwao.

"Kama dini inakukataza, sema tu, nitaelewa," mkuu aliniambia.

"Dini inanikataza kula, mkuu. Kuchunguza haijanikataza."

Nilijibu haraka, kwa kiburi kidogo. Ukweli ni kwamba sikuwahi kumgusa nguruwe. Chuoni tulikuwa wengi kwenye meza moja, na siku ya nguruwe mimi ndiye niliyejitolea kuandika yale ambayo wenzangu waliyaona.

Mwenye banda alikuwa mama mtu mzima, mwalimu mstaafu kutoka nyanda za juu huko kusini, ambaye aliolewa pwani, akafiwa na mume, na hakurudi kwao. Nguruwe ndio waliokuwa wakimlisha. Alinipokea amevaa kanga mbili na buti za mpira.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akautazama mtandio wangu, akatazama glovu mkononi mwangu. "Wamekutuma wewe? Hawana hata aibu."

"Nimekuja mwenyewe, mama."

"Haya. Ziba pua."

Nilishindwa kuziba pua, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Nguruwe walikuwa wamerundikana pembeni, mmoja juu ya mwingine, wakitetemeka juani kama watu wenye homa, na homa ndiyo waliyokuwa nayo. Masikio yao yalikuwa yamegeuka rangi ya zambarau, matumbo pia, kana kwamba mtu aliwapiga kwa ubapa wa jembe usiku kucha. Jike mmoja alikuwa akitokwa damu puani, na kila akipumua povu jekundu lilifura na kupasuka, likafura na kupasuka. Nyuma yake uharo mweusi ulikuwa ukimchuruzika juu ya watoto aliowatupa kabla ya siku zao, na watoto hao walikuwa wadogo, wekundu, wasio na manyoya, na nzi walikuwa wamewavisha nguo. Kilichonishtua hakikuwa wingi wa uchafu. Ni vile walivyofanana na watu. Ngozi ile ilikuwa ngozi. Kope zilikuwa kope. Jike yule aliponigeukia, macho yake yalikuwa ya mama aliyetoka leba.

Nilimchagua aliyekufa alfajiri, nikampasua chini ya mkorosho. Wengu, lile pande la nyama linalokaa ubavuni mwa tumbo, lilikuwa limevimba, jeusi tii, na nilipoligusa lilivunjika vidoleni kama ini lililopikwa likapita kiasi. Tezi zake zilikuwa mabonge ya damu. Figo zilikuwa na madoa, kama yai la kware. Sikuhitaji maabara kuniambia kwamba ile ilikuwa homa ya nguruwe, isiyo na chanjo wala dawa, ambayo ikiingia bandani haitoki mpaka banda liwe tupu. Lakini serikali huhitaji karatasi, kwa hiyo nilikata vipande, nikavitia kwenye kasha la barafu kwa ajili ya maabara ya Dar es Salaam.

"Wanakula nini, mama?"

"Pumba. Na makombo ya mahoteli, ananiletea kijana mmoja kwa ndoo."

"Ndani ya makombo huwa mna nyama?"

Alikuwa mwalimu, aliuelewa mkondo wa swali kabla sijalimaliza. "Mna mifupa ya kitimoto," alisema polepole. "Niliwalisha wenzao."

Nilifunga banda. Asitoke nguruwe, asiingie mtu, isiuzwe nyama. Wote watakaokufa wazikwe, na watakaobaki wauawe wazikwe nao majibu yakithibitisha. Hakulia wala hakubisha. Aliniuliza tu kama anaweza kuendelea kuwapa maji.

Niliporudi nyumbani jioni ile, Bibi alinusa. Akanusa tena.

"Huyu simjui," akasema.

"Nguruwe, Bibi."

Nilitegemea audhubillahi. Badala yake aliinuka kidogo kwenye mto aliouegemea, macho yakamchangamka, na nikamwona mwalimu yule wa zamani aliyekuwa akitupanga uwani na kutuuliza maswali ya twahara mpaka tunapagawa. "Mkono ulikuwa mtupu?"

"Nilivaa glovu."

"Zilitoboka?"

"Hapana."

"Umajimaji wake haukukugusa mwilini?"

"Haukunigusa, Bibi."

"Basi hakuna kilichokupata. Kaoge kwa sabuni uje tule." Kisha, nilipokwisha kugeuka: "Lakini sikiliza, we mtoto. Siku zikitoboka uniambie. Usiniletee mkono huo kinywani kabla hujaniambia. Nitakaa na njaa kuliko kula najisi."

Sikuwa na shaka kwamba angekaa na njaa. Mwanamke huyu aliacha kuzungumza na dada yake kwa sababu dada huyo alifuga mbwa. Na hakuwa na mkono mwingine wa kumlisha. Shangazi zangu wako mbali, na jirani alishajaribu mara moja, Bibi akasema vidole vyake vinanuka vitunguu. Kwa hiyo toka jioni ile kila glovu niliyoivaa niliipuliza kwanza kama puto, nikaishikilia sikioni, nikasikiliza.

Nguruwe waliendelea kufa. Nilirudi kusimamia maziko na nikakuta shida ya shimo. Mwenye banda alikuwa na wafanyakazi wawili tu, na udongo wa kule chini ya mchanga ni mgumu kama sakafu. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, mzee mnene mwenye sauti nzuri ya kuadhinia, naye akaniitia watu barazani kwenye ofisi ya kijiji. Nikaomba vijana wa kusaidia kuchimba.

Kijana mmoja wa bodaboda, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, akasimama kwa adabu. "Daktari, samahani. Sisi ni Waislamu hapa. Jembe langu likigusa yule mnyama, nitalimia nini? Mahindi ya watoto?"

Watu wakaunga mkono. Mwanamke mmoja akasema hata mvua ikinyesha, maji yatatoka kwenye shimo hilo yaingie lamboni, watayapikia. Niliwaeleza kwamba tutachimba kwenda chini sana, tutatia chokaa, na mbali na lambo. Kisha, kwa kuwatoa wasiwasi, nikasema yale tunayofundishwa kusema: ugonjwa huu haumpati binadamu. Hata aliyekula nyama yake hawezi kuugua homa hii. Unaua nguruwe tu.

"Alhamdulillah," akasema yule kijana.

Mwishowe wafanyakazi wale wawili walichimba peke yao, na yule mama akachimba nao, kanga imefungwa kifuani. Kijiji kilitazama kutoka mbali, kimeziba pua kwa ncha za kanga na kola za mashati. Tukawazika waliokufa, tukawachinja waliobaki kwa sababu hapakuwa tena na wa kuokoa. Hata majibu hatukuyasubiri, mwenyewe aliomba iwe hivyo. Sitaelezea mlio. Aliyewahi kuusikia hanihitaji, na ambaye hajausikia namwonea wivu. Tukamwaga chokaa yote niliyoipata duka la vifaa vya ujenzi Chalinze, tukafukia.

"Mwenyekiti," nilisema tukiondoka, "tuweke mlinzi hata wa siku mbili tatu."

Mwenyekiti alicheka mpaka akashika tumbo. "Daktari! Mlinzi wa nguruwe? Kijiji hiki? Nani amwibe, shekhe au mimi?"

Walicheka wote. Nilicheka na mimi. Lilikuwa jambo la kuchekesha kweli: katika vijiji vyote vya pwani hii, hakuna kaburi lililo salama kuliko la nguruwe kati ya Waislamu. Nilirudi Bagamoyo nikimhadithia Bibi, naye akacheka kwa upande wake mmoja wa mdomo, wali ukamtoka.

Majibu yalipokuja yalisema nilichokwisha kukijua. Nilikwenda asubuhi kumpelekea yule mama, na kabla sijazima pikipiki niliisikia harufu. Uvundo wa nyama iliyozikwa ikafukuliwa hauko kama wa nyama iliyoachwa juu. Ule wa juu hukupiga, huu hukulamba. Uliingia kinywani, ukakaa juu ya ulimi kama mafuta ya jana, na nikajikuta nameza mate mara kwa mara na kila nikimeza nahisi nimekula.

Yule mama alikuwa amekaa mlangoni. Hakuniitikia salamu. Alielekeza kidole tu.

Shimo lilikuwa wazi. Udongo ulirushwa pande zote, na ndani yake nguruwe walikuwa wamepinduliwa, weupe kwa chokaa kama watu waliopakwa unga, matumbo yamevimba, mengine yamepasuka. Wale wa chini, waliokufa mwanzo, waliachwa walivyo. Wale wa juu, tuliowachinja, hawakuwa na miguu ya nyuma. Mapaja yalikatwa kwa ustadi, kwenye kiungo, na mgongoni mafuta yalichunwa kama mtu anavyochuna gome. Funza walikwisha kuanza kazi kwenye mikato, wengi, wanene, wakichemka kama wali unaokauka maji.

Ukingoni mwa shimo palitupwa mifuko ya mikate. Ile ya nailoni, yenye picha ya masuke ya ngano. Niliinama nikaokota mmoja kwa ncha ya kijiti. Mdomoni ulikuwa umefungwa kwa utepe wa mpira uliokatwa kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, na ndani yake mlikuwa na jasho. Nilichelewa kuelewa. Ilikuwa glovu. Waliofukua walivaa mifuko ya mikate mikononi, wakaifunga viwikoni, ili nguruwe asiwaguse.

Nilifuata njia mpaka kwenye bomba la kijiji. Walikuwa watatu, na yule mwenye ndevu ndiye aliyekuwa amechutama katikati, na mbele yake rundo dogo la udongo safi. Alikuwa anausugua mkononi kwa uangalifu, katikati ya vidole, chini ya kucha, na mwenzake anammiminia maji kwa kopo na kuhesabu kwa sauti. Jembe liliegemezwa ukutani, limelowa, limesuguliwa mpaka linang'aa. Lile lile lililokatazwa kuchimba.

"Nne," akasema wa kopo, kisha akaniona. "Karibu, daktari."

"Mnaosha nini?"

"Twahara," akasema mwenye ndevu, bila kusimama. "Wewe si Muislamu mwenzetu? Wajua mwenyewe. Mara saba, na moja kwa udongo."

"Mmekula nguruwe?"

Aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Audhubillahi! Mimi? Nile nguruwe? Daktari, usinivunjie heshima."

"Mmewauza."

"Kuuza ni jambo jingine. Gari limekuja, mtu anataka mzigo, tumembebea. Hatukugusa hata. Na atakayekula ni mlevi huko mjini, kwenye kitimoto chake, na pilipili na ndimu juu. Atajua nini?"

"Ile nyama ni ya ugonjwa! Imetoka kaburini!"

"Si umesema mwenyewe haumpati binadamu? Tulikuwepo wote barazani. Umesema hata aliyekula." Akawageukia wenzake. "Kasema au hakusema?"

"Kasema," wakaitikia. Na wa kopo akamiminia: "Tano."

Nilikuwa nimejiandaa kwa wezi. Nilikuwa na maneno ya wezi tayari mdomoni: sheria, karantini, polisi. Sikuwa na neno la mtu aliyechutama mbele yangu akijitakasa kwa unyenyekevu wa kweli, akisugua kucha moja moja, baada ya kuwapakulia watu asiowajua mzoga. Kichefuchefu kilichonipanda hakikutoka tumboni. Kilitoka mahali pengine, juu zaidi. Nilivitazama vidole vile safi na nikatamani kurudi shimoni, kwa funza, ambao angalau walikuwa wanakula walichokikusudia.

Mwenyekiti alifika akihema. Alikuwa na aibu, nakiri hilo. Kofia aliishika mkononi. Lakini aibu yake ilikuwa na mwelekeo mmoja tu. "Tuyamalize hapahapa, binti yangu. Ikisikika kwamba kijiji changu kimeuza nguruwe, tutajificha wapi?"

"Na walioila, mzee?"

"Walioila," akasema, akafikiri kwa dhati. "Hao walikuwa wanaila siku zote."

Nilimpigia mkuu wangu, nikamweleza habari za gari na barabara. Lilikwisha kufika lilikokwenda. Baadaye nguruwe walianza kufa kando ya barabara ya Lugoba, banda baada ya banda, nami nilizijua sababu. Lakini siku ile kilichokuwa mbele yangu kilikuwa shimo, na shimo halikungoja. Mbwa walikwisha kulizunguka. Mfanyakazi mmoja wa yule mama alikuwa amekimbia; tukabaki watatu. Tuliwasukuma nguruwe kwa mipini, wakateleza wakarudi. Kuna jike mmoja aliyekuwa amening'inia ukingoni, tumbo juu, na kila tulipomsukuma alijipinda kama anayegeuka kitandani. Ikabidi nishuke nimvute kwa mikono. Nilimshika pale paja lilipokatwa. Mfupa wa nyonga, uliochongoka kwa panga, uliingia kwenye glovu yangu ya kulia, nikasikia mpira wake ukichanika kwa mlio mdogo, na umajimaji wa vuguvugu ukajaa ndani, katikati ya vidole, mpaka kwenye kiganja.

Niliendelea kuvuta. Hakukuwa na la kufanya.

Nilifika nyumbani jua bado lipo. Wali ulikuwa tayari, jirani aliuinjika akauacha umefunikwa. Bibi alikuwa amekaa mkekani uwani, na hakuuliza ni mnyama gani. Aliuona mkono wangu nilivyoushika mbali na mwili, kama kitu nilichookota njiani.

"Zimetoboka," akasema.

"Ya kulia."

"Chimba pale chini ya mkomamanga. Juu juu toa, chukua wa ndani."

Nilichimba kwa mkono wa kushoto. Nikachota maji, nikachutama mbele yake, na akaanza kuhesabu. Hakukosa hata moja. Nilipoharakisha alinirudisha. "Hiyo si mara, hiyo ni kulowesha tu. Anza tena ya tatu." Nikaanza tena. Udongo ule mwekundu uliteleza katikati ya vidole vyangu, na nilipoutazama niliwaona wale watatu bombani, kopo, ndevu, kucha, na mikono yangu ikasimama yenyewe.

Nikamhadithia. Nilimweleza yote kwa pumzi moja, mifuko ya mikate, mapaja, mlevi wa mjini, nikilia kwa hasira. Nilitaka apige kelele. Nilitaka awalaani kwa Kiarabu, kama alivyokuwa akitulaani sisi tukichezea Juzuu.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Udongo waliutia kwenye mara ya ngapi?" akauliza. "Ya kwanza?"

Nilimtazama. Alikuwa anauliza kweli.

"Bibi, wamewalisha watu mzoga!"

"Nimesikia. Si kiziwi. Malizia mkono, bado moja."

Nilimalizia. Nikaujaribu mkono puani: udongo, maji, na chini yake, mbali sana, ile harufu inayolamba. Labda haikuwepo. Nilinawa tena kwa sabuni, nikaleta sahani, nikakaa. Nikafinyanga tonge. Wali ulikuwa mweupe, unatoka mvuke, na punje moja ilipoanguka ikabingirika kwenye ukingo wa sahani niligeuza uso, kwa sababu niliiona ikitambaa.

Bibi akafungua kinywa, akafumba macho.

Nilipeleka tonge na midomo ikanibana kidole. Laini, vuguvugu, haina meno. Ilikuwa pua ya nguruwe yule, pale shimoni alipoteleza nikimvuta, pua yake ikaniegemea kifundo cha mguu. Niliuchomoa mkono kabla sijajua kwamba nimeuchomoa. Wali ukamwagika kifuani kwake.

Kuku wa jirani akaja akadonoa punje moja, akaondoka.

"Unanionea kinyaa," Bibi alisema.

"Si wewe, Bibi. Ni siku tu. Ni…"

"Ni mimi. Mdomo uliougusa ndio huu." Hakusema kwa uchungu. Alikuwa kama anayesahihisha aya. Kwa mkono wa kushoto aliokota wali kifuani, punje kwa punje, akaziweka pembeni ya mkeka. Nilifikiri sasa ndipo atakaposema kwamba amelala na njaa siku nyingi maishani na leo si ya kwanza, na kwamba niiondoe sahani.

"Ulipoachwa kwangu," akasema, "ulikuwa mtoto wa kuhara sana."

"Bibi."

"Sana. Kijani. Mpaka mgongoni. Unahara mimi nimeshika kijiko cha uji wangu, natoka, nakusafisha, narudi, uji siutaki tena. Kila siku. Watu wanasema mtoto wako hawezi kukutia kinyaa. Waongo hao. Nilikuwa nakionea kinyaa kitoto kile, nikikutazama nasema ya Rabbi, kinatoka wapi chote hiki?"

Nilicheka bila kutaka, makamasi yakanitoka.

"Kifute hicho," akasema. "Usinitilie kwenye mchuzi."

Nilifuta kwa bega. Sikuwa nimepona. Kinywa chake, alipokifungua tena, kilikuwa kinywa kilekile, na nilijua kitanigusa na nilijua nitahisi nini. Nikafinyanga tonge jingine, nikatoa mwiba, nikachovya.

Alikula sahani nzima. Kila tonge lilinisisimua mwili mpaka kisogoni, na kila mara nilipouona mkono wangu ukitoka mdomoni mwake umelowa nilitaka kuupangusa, na sikuupangusa. Alilijua hilo. Siku zote hula amefumba macho; jioni ile aliniangalia mpaka punje ya mwisho.